Baba alikuwa na bastola

Tricia, tumetoka mkutanoni, ule wa kanisani kuhusu watu waliopigwa risasi dukani. Niko garini na Baba. Sijawasha hata gari.

Unamjua Baba na bastola yake. Watu wanabishana, Clyde anafoka, "Mmoja tu angekuwa na bastola dukani siku ile, wale kumi na moja wangekuwa hai!" Baba akasimama. Clyde akampigia makofi.

Baba akasema, "Nilikuwemo. Ilikuwa kiunoni. Nililala chini nyuma ya friji mpaka polisi walipofika."

NILIKUWEMO, Tricia. Wiki tatu hajatuambia.

Clyde akasema, "Acha utani, Harlan."

Bi Odell, aliyefiwa na binti yake pale, akauliza taratibu tu, "Noreen wangu ulimwona?"

Baba akasema, "Nilimwona, dada. Alikuwa ananitazama."