Utando Namba Kumi na Saba

Jumatano, 5 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi ya wazazi. Mdogo wangu kaingizwa ndani, mimi nimeambiwa nitulie hapa nje. Kutulia siwezi, ndiyo maana naandika.

Siku gani hii! Asubuhi maabarani nimemimina utando mpya, namba kumi na saba. Polima ileile ya maganda ya kamba wa baharini, vimeng'enya vilevile, sahani moja ya kioo. Profesa Bata kanisimamia mgongoni — Bata humu kwenye daftari langu hili tu, kwa ule mwendo wake, Mungu aepushe asije akajua — akasema kumi na saba usiniaibishe kama kumi na sita. Daftari la maabara nilikuwa nimeshalijaza kabla hata sijavaa glavu. Oveni digrii sitini, muda wa saa mbili, umetolewa saa nane mchana. Kila mara huwa hivyohivyo, sasa ya nini kusubiri?

Saa sita kamili, ndiyo kwanza nimeuingiza kwenye oveni, umeme — paa! Jengo zima. Na simu ikalia palepale. Shemeji yuko safarini, uchungu umeanza, dada njoo. Nikauacha utando ndani ya oveni na kifuniko chake cha kioo, nikatoka mbio. Huku nako lifti imekufa. Tumepanda ngazi ghorofa tatu, mdogo wangu kaning'inia begani, ananitukana kila tukipumzika.

Umeme umerudi sasa hivi, saa kumi. Oveni itamalizia yenyewe.

Nesi kachungulia. Bado.

Saa kumi na moja na robo — msichana! Ana nywele nyingi na hasira.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kazini macho mekundu. Nikafungua oveni nikijua nakwenda kutupa. Lahaula! Utando laini, hauna hata kiputo. Umeachia kioo wenyewe, haukung'ang'ana kama wenzake. Bata alikuwa ameshafika kwa hiyo sikuwa na muda wa kuwaza. Nikaukata, nikaufunga ndani ya betri, nikamwaga maji ya sukari.

Mama kaniuliza jana kwa mara ya mia hivi kazi yako ni nini hasa. Nikamwambia: mama, natengeneza betri inayokula sukari. Vimeng'enya vinaivunja sukari, umeme unatoka. Utando kazi yake ni kuvishika vimeng'enya visisombwe na maji wala visichoke. Akasema basi tengeneza na utando wa kumshika mdogo wako, hataki kukaa kitandani.

Shida yetu ni hiyohiyo moja. Vimeng'enya vinachoka. Siku ya tano betri imekufa. Tando kumi na sita, vifo kumi na sita.

Mita inasoma milivolti 410.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kumi. 404!

Hakuna anayeongea kwa sauti karibu na ile meza. Fundi kapita na toroli, Bata kamkaripia kana kwamba kuna mgonjwa. Mimi nikifika kazini kwanza naitazama mita, ndipo navua koti. Nikirudi namtazama mtoto. Wamepishana siku mbili tu, na wote wanashiba sukari na kukua. Nina furaha mpaka naogopa.

Jumatano, 19 Machi

Bata ametangaza kikaoni. Eti historia. Kaliweka jina langu mwanzo kabisa kwenye ripoti, na kwenye mkutano mkubwa wa wanasayansi nitasimama mimi. Makofi. Mama Pacha kapiga kuliko wote.

Huyu Mama Pacha kanizidi miaka kumi na miwili. Alikuwa kiwanda cha dawa, kikafungwa, akaja kwetu kwa mkataba wa majaribio wa miezi sita. Ana watoto pacha wanaompigia simu kumuuliza chumvi iko wapi. Ananiita mdogo wangu, na chai yangu ananiwekea kabla sijaiomba. Bata kampa yeye kazi ya kurudia: tando tatu sawasawa na kumi na saba, kwa kufuata daftari langu neno kwa neno. Jambo lisiporudiwa na mtu mwingine, kwetu halijatokea.

Nikampa daftari. Kalipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 28 Machi

Zake zimekufa zote tatu. Ya kwanza siku ya nne, mbili siku ya tano. Yangu siku ya ishirini na moja, 396, haina habari.

Kaja mezani kwangu, kavuta kiti. Mdogo wangu, niambie tu, siku ile ulifanya hivihivi kama ulivyoandika? Nikamwambia hivyohivyo, dada. Hapo sikudanganya. Niliamini oveni ilimalizia saa zake mbili yenyewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Tatu nyingine. Zimekufa zote.

Bata kasema mbele ya watu kwamba kuna mikono imezoea kufungasha vidonge, utando unataka mikono ya mwanasayansi. Mama Pacha kaosha sahani zake, kazipanga, kaenda kusimama dirishani. Kikao cha mkataba wake ni Jumanne ya wiki ijayo, na Bata anasema hataki kupeleka ripoti yenye mtu anayeiangusha. Kwa hiyo anataka kumtoa kafara, basi. Mama Pacha amekalia kuti kavu na kila mtu anajua.

Nimekasirika kwelikweli. Nilitaka kusema neno. Sikusema. Jina langu ndilo la kwanza.

Jumatano, 9 Aprili

Nitaandika polepole.

Saa nne umeme umekatika kidogo, ukarudi. Dakika moja tu. Mama Pacha alikuwa na tando za raundi ya tatu ndani ya oveni. Fundi akawa anapita na bisibisi yake sikioni, akampigia kelele: mama, bonyeza hicho kitufe! Oveni hii ikizimika haijiwashi, mpaka uiamshe!

Mama Pacha akabonyeza, akasema asante baba, akaendelea na kazi.

Mimi nikakaa chini.

Nikamfuata fundi koridoni. Tangu lini haijiwashi? Akanitazama kama nimemuuliza jua linachomoza wapi. Tangu inunuliwe, dada. Ni ya usalama. Wewe hujui? Miaka minne unaitumia!

Sijui. Umeme ukikatika mimi huwa naenda kunywa chai, na mtu mwingine anabonyeza.

Sasa tarehe tano Machi nani alibonyeza?

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepita kwa mdogo wangu baada ya kazi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba labda nachanganya siku, labda umeme ulikatika tarehe nyingine. Nikamuuliza kiujanjaujanja, nikimbembeleza mtoto. Alicheka mpaka mtoto akashtuka. Dada, nisahau siku niliyopanda ngazi na mtoto mlangoni? Lifti imekufa, wewe unahema kuliko mimi!

Nikarudi nyumbani nikafungua daftari hili. Tarehe tano. Liko hapa lote, kwa mwandiko wangu. "Oveni itamalizia yenyewe." Haikumalizia chochote! Utando umekaa ndani ya oveni iliyopoa, gizani, umefunikwa, siku mbili nzima. Umekauka polepole kwa raha zake. Ndiyo maana vimeng'enya viko hai. Joto la oveni ndilo lililokuwa linaviua kila mara, na sisi tunakazana kuviingiza humo.

Yaani ugunduzi ni wa kweli. Betri ni ya kweli. Kilicho cha uongo ni ukurasa wangu mmoja.

Na Mama Pacha amefuata uongo huo neno kwa neno, mara tisa.

Ijumaa, 11 Aprili

Juzi jioni kabla ya kutoka niliweka sahani moja ya utando mpya ndani ya oveni ya zamani, ile mbovu ya stoo isiyopata moto. Nimeifunika. Leo nimeitoa. Imeachia kioo yenyewe. Laini, haina kiputo.

Nikasimama stoo na ule utando kiganjani nikalia. Sijui kwa furaha au kwa nini.

Siku za kuupima hazipo. Kikao ni Jumanne.

Mchana Mama Pacha kanijia tena. Kapungua. Akasema wanawe wameanza kumuuliza mbona siku hizi hucheki. Halafu akauliza lilelile, kwa upole uleule: mdogo wangu, siku ile kweli hakuna hata kitu kimoja kilichokuwa tofauti? Hata kidogo? Hata dirisha?

Nikamjibu kwa macho makavu. Hakuna, dada.

Akanishika bega. Akasema basi ni mikono yangu.

Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumamosi, 12 Aprili

Daftari la maabara Mama Pacha amenirudishia, na kalamu ya maabara ninayo nyumbani, ile nyeusi. Kwenye ukurasa wa kumi na saba kuna nafasi, ubavuni, ya maneno kama sita. *Umeme umekatika. Umekaushwa bila joto.* Naijaribu hapa nione: umeme umekatika, umeme umekatika. Wino ni uleule. Hakuna mtu angejua yameandikwa lini. Ningesema jamani, mbona hamkusoma ubavuni? Wangemlaumu nani? Mama Pacha tena! Hakuona ubavuni.

Nimeifunika kalamu. Nimeitupa kabatini, juu kabisa, kana kwamba mimi ni mtoto siwezi kuifikia.

Njia ya pili: nimwambie kwa pembeni, dada, hebu jaribu kukausha bila joto. Atafanikiwa mwezi ujao. Mwezi ujao hayupo.

Njia ya tatu naijua. Niache kuiandika.

Jumapili, 13 Aprili

Nimefua. Nimepiga pasi hata mataulo. Nimepanga vikombe upya. Mama ananitazama tu. Kaniuliza kuna nini, nikasema kazi. Akasema kazi haimfanyi mtu apige pasi taulo.

Mtoto kaletwa. Kanitapikia begani. Afadhali.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda hadi mlango wa Bata mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye simu.

Kanikuta baadaye koridoni, kachangamka. Kesho uje na daftari, akasema, kamati wataliomba. Ukurasa wako ndio ushahidi wetu.

387. Siku ya thelathini na nane. Ingekufa tu, ningesema tulikosea sote, yakaisha. Haifi!

Tatu za mwisho za Mama Pacha nazo zimekufa, na leo kasafisha meza yake. Droo zote. Kaniachia kopo lake la majani ya chai, eti ya kazi gani kulirudisha nyumbani.

Jumanne, 15 Aprili

Benchi tena. Safari hii nje ya chumba cha mikutano. Mama Pacha yuko ndani tangu saa tatu. Karani yuko na mafaili yake hapo mlangoni, ananitazama navyoandika, anadhani najiandaa.

Mkobani nina madaftari mawili. La maabara, jalada gumu, kurasa zenye namba. Na hili. Asubuhi nimeliweka nikalitoa, nikaliweka tena. Mama aliniona.

Nimefikiria jambo moja la kijinga usiku kucha. Nikisema tu kwa mdomo, Bata atasema namwonea huruma rafiki yangu. Atasema nina kumbukumbu gani? Na kumbukumbu ninayo moja tu duniani, imeandikwa siku ileile, saa kumi jioni, kabla yeyote hajajua kama utando utaishi. Lakini iko humu! Wodi ya wazazi, matusi ya mdogo wangu, yote. Na Bata. Aya ya pili kabisa, Profesa Bata, kwa ule mwendo wake. Hakuna namna ya kuwaonyesha umeme bila kuwaonyesha bata. Nusura nicheke.

Ukuta ni mwembamba, nasikia. Bata anasema maelekezo yako wazi, hata mtoto wa sekondari angeyafuata.

Mama Pacha: nimefuata kila neno, Profesa.

Sasa mwingine, mama mmoja wa kamati, sauti nzito, anauliza. Kama kafuata kila neno mara tisa na mara tisa imekufa, mmeshaangalia hayo maneno yenyewe?

Nasikia karatasi zinapinduliwa.

Bata: maneno hayana shida. Mwite mwenye daftari.

Jina langu ndilo la kwanza — basi, nalijua, nimeliandika humu mara ngapi.

Mlango umefunguliwa. Karani: dada, unaitwa. Njoo na daftari lako.

Nikamuuliza, lipi?

Katazama mkoba, kacheka. Kwani unayo mangapi?

Mama Pacha ananiona kutoka kule ndani. Ananitabasamia — yeye, mimi! — kama mtu anayemtoa mwenzake wasiwasi. Naandika nimesimama, la maabara nimeliacha kwenye benchi, kidole kiko kwenye tarehe tano Machi, karani anasema dada, wanasubiri, na Bata ameshanyoosha mkono —