Antena Zilizotazama Nakonde

Tunduma

Mama yangu,

Kuna kikohozi hakijanitoka masikioni tangu Jumanne. Si changu, usishtuke. Mimi ni mzima. Shikamoo, na Baba umfikishie yake. Goti lako linakuruhusu kwenda shambani sasa?

Kikohozi ni cha mzee wa Norwei ninayemfundisha Kiswahili kwa mtandao. Tangu ofisi ya mizigo hapa mpakani ifungwe, ndiyo kazi niliyobaki nayo. Lakini sauti yake ilinifikia vipandevipande, na shule inayonipa wanafunzi ikaniandikia: somo likikatika tena, watapewa mwalimu mwingine. Unajua alichosema Baba, kwamba hilo likitokea nirudi Muheza nikauze kwenye duka la dawa la Mjomba.

Basi nikanunua antena mbili za nje. Chumba changu bati juu, tofali nene pembeni. Ruta ilikuwa kama imefungiwa stoo. Nilizifunga kwenye bomba juu ya paa, mama mwenye nyumba akinishikia ngazi, nyaya nikazipitisha dirishani hadi nyuma ya ruta. Nikawa nazigeuza taratibu huku natazama kwenye simu vijiti vya mtandao vya ruta. Upande mmoja vikajaa vyote. Nikakaza nati, nikashuka naimba.

Hakuna kilichofunguka. Nilikaa sakafuni, moyoni nimeshafungasha mizigo. Kisha nikasoma jina la mtandao: wa Zambia. Nilikuwa nimezielekeza kwenye mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na laini iliyo ndani ya ruta ni ya huku.

"Mwalimu," akasema mama mwenye nyumba nilipotoka kumweleza, "umevuka bila pasi?"

"Shika ngazi, mama."

"Nimeshika. Ila wakija uhamiaji, mimi sikujui."

Nikazigeuzia upande wa Mbozi. Vijiti viwili tu, Mama, lakini vyetu. Mzee alipoingia kwenye somo akakohoa, nami nikakisikia kikohozi kizima, hata pumzi aliyovuta baada yake. Nilisahau kumsalimia. Hatukukatika siku ile, wala masomo yaliyofuata.

Nisalimie Bibi aliyenilea, shangazi Zubeda na cherehani yake, na Idi, mdogo wangu mvivu wa kupokea simu.

Baba mwambie akishakula: leo asubuhi nimempigia Mjomba, nafasi ya dukani nimeiachia. Ameshampa binti wa jirani yake.

Mwanao,
Saumu