Ukurasa wa Tatu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi na mguu umeupumzisha kama daktari alivyokuagiza, ingawa nakujua, huenda unaisoma umesimama jikoni. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu wanaendeleaje na masomo? Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ungesikia tu sauti yangu ukaanza kunifariji kabla sijamaliza, nami sistahili kufarijiwa.

Kazi yangu unaijua. Natunza nyaraka za zamani, na kwa miaka mitatu sasa nazunguka shuleni kuwaonyesha walimu wa historia jinsi ya kuwapa wanafunzi karatasi zenyewe za wakati ule, barua, picha, madaftari ya kazi, badala ya kuwafanya wanakili ya ubaoni mpaka vidole vife ganzi. Mwanzoni walinitazama kama mtu aliyekosea mlango. Mmoja wao, mwalimu mzee ambaye wanafunzi humwita Chaki kwa jinsi koti lake linavyojaa vumbi, aliniuliza mbele ya wenzake kama makaratasi yangu yatamaliza muhtasari au yatammaliza yeye. Walicheka, nami nikacheka.

Kilichomgeuza Chaki ni barua moja. Iliandikwa na mjenzi wa reli kwa mkewe, zaidi ya miaka sabini iliyopita, ikazuiwa katika ofisi ya kambi, haikufika. Ina kurasa tatu. Katika mbili za mwanzo anaeleza homa, mawe, na msimamizi anayewahesabu kama magunia. Wa tatu ndio unaowatoa watu machozi, kwa kuwa anamwambia mkewe asimwekee chakula, ila mlango asiutie komeo. Niliwafundisha walimu wawaulize wanafunzi nani ameandika, alimwandikia nani, na tutajuaje kama ni kweli. Chaki aliipeleka darasani, akaja kuniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Shule zaidi ya thelathini ziliomba nakala.

Mwezi uliopita msichana mmoja wa darasa lake aliisoma nyumbani kwa sauti. Bibi yake akamwambia arudie jina la mwandishi. Lilikuwa jina la baba yake.

Dada, yule bibi alikuja ofisini na mjukuu wake, akapanda ngazi zote zile kwa fimbo. Alinieleza kuwa baba yake aliondoka yeye akiwa na miaka minne, na kwamba mama yake alikufa akiamini mumewe alipata mwanamke mwingine hukohuko. Jina la baba halikutajwa nyumbani kwao. Sasa, alisema, amejua kuwa alitaka kurudi. Aliniomba aiguse barua yenyewe. Nilimletea faili. Zile kurasa mbili alizipapasa tu, lakini wa tatu aliubusu, na mimi nikatazama dirishani.

Juzi Chaki aliniandikia kwa furaha. Wanafunzi wake wamegundua kwamba katika kurasa mbili za kwanza mwandishi anaandika “nakwambia”, na katika wa tatu anaandika “nakuambia”. Wameamua kuwa alizidiwa na homa, akamwomba mwenzake amwandikie maneno ya mwisho. Wanaomba waje Alhamisi wailinganishe miandiko, na bibi amekwisha kualikwa. Chaki anasema haya yote ni matunda ya mafunzo yangu.

Sasa nakuambia wewe, ambaye umenilea. Ukurasa wa tatu niliuandika mimi.

Nilikuwa na mwezi mmoja kazini. Masanduku ya kambi yaliletwa yamelowa, nikaambiwa nianike karatasi ukumbini. Mimi, kwa haraka zangu, nikazianika uani kwenye jua, nikaenda kunywa chai na kupiga soga. Mvua ilinyesha ghafla. Niliziokoa karibu zote, lakini ukurasa ule ulibaki uji mkononi mwangu. Orodha ilisema kurasa tatu, na mkuu wa ofisi angezihesabu. Nilichukua karatasi tupu kutoka sanduku lilelile, nikauiga mwandiko. Nilitaka hesabu itimie tu. Lakini karatasi haikuweza kukaa tupu, nikatia maneno ambayo mimi ningependa kuandikiwa. Kisha nikawapa walimu, na kila walipolia nilishindwa zaidi kusema.

Jana nilikwenda kwa bibi ili nimweleze. Nilikuta nakala ya ukurasa ule ipo ukutani, kwenye fremu, kando ya picha ya mama yake. Nikanywa maji, nikaaga.

Leo asubuhi nilimkabidhi mkuu maelezo yangu kwa maandishi. Aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia niache funguo mezani, na kwamba Alhamisi darasa litakuja kama lilivyopangwa na nitasimama mwenyewe mbele ya Chaki na watoto wake. Mchana nikarudi kwa bibi, na safari hii nilisema. Hakulia wala hakunitukana. Mjukuu wake akaniomba niondoke, na nilipoinuka ndipo bibi aliponiuliza swali moja tu. Alitaka kujua ule ukurasa wa kweli ulisema nini.

Nilimjibu kwamba sikuwahi kuusoma.

Aliniomba nirudie, kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Nikarudia. Huenda alimwambia mkewe amsubiri, huenda alimwambia aolewe na mwingine. Alikuwapo mtu mmoja tu duniani aliyeweza kulisoma jibu, naye alikuwa anakunywa chai.

Dada, sikuombi unitetee kwa mtu. Ukiweza, njoo Alhamisi ukae viti vya nyuma. Kama mguu haukuruhusu, nitaelewa. Nisalimie shemeji, wabusu wapwa zangu, na mama usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe kwa kinywa changu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba