Gitaa Imepakwa Mafuta

Mutanu, uko? Wacha kila kitu usome hii.

Ile gitaa ya besi ya kanisa imenunuliwa. Na si ile ndugu yangu Nzau alichagua!

Si yeye ndiye mpigaji? Alishinda dukani pale Kitui akijaribu moja baada ya nyingine. Akachagua ya mtumba, shingo nyembamba, vidole vinafika kila mahali bila kuumia, na bei ni nusu. Akaambia kamati, "Hii ndiyo."

Mzee Nzuki wa kamati akasema nini? "Nyumba ya Mungu haiwezi kupokea kitu kimetumika." Wueh! Na viti zenyewe tulipewa na shule!

Basi leo wameleta mpya, nyekundu, inang'aa. Shingo ni nene kama mchi wa kutwangia mahindi ya muthokoi. Nzau aliishika tu akaninong'oneza, "Nzisa, duka litakubali turudishe ikiwa safi. Nitaongea na mzee baada ya ibada."

Baada ya ibada! Ngoja.

Pasta akasema iwekwe wakfu kwanza. Nikadhani ni maombi tu. Mutanu, alifungua chupa ya mafuta ya upako akamwaga. Akamwaga! Kwa shingo, kwa nyuzi, mpaka ndani ya vile vifungo vya sauti. Kanisa lote: "Amina!"

Halafu Mzee Nzuki akamgeukia Nzau. "Sasa kijana, tupigie."

Akapiga. Vidole vinateleza, gitaa inakoroma.

Mzee akatikisa kichwa, akamnong'oneza pasta, na maiki bado iko wazi:

"Gitaa tumepata. Sasa tutafute mtu anajua kuipiga."