Nusu Yako ya Nyumba ya Kamakwa

Dada yangu Wairimu,

Leo nimemfukuza broka langoni. Alikuja ameshika simu tayari kupiga picha, akasema ametumwa na Muriithi, kaka yetu, aiangalie nyumba "kidogo tu". Nikamwambia nyumba hii haiuzwi. Akatabasamu kwa adabu, akauliza, "Na ile nusu ya marehemu, madam?" Hapo ndipo nilipojua kwamba ni lazima nikuandikie, hata kama ni miezi mitano tangu tukuzike na huko uliko hakuna posta. Nina hasira, dada. Nakwambia mapema usije ukadhani nimekaa hapa kukulilia.

Unakumbuka siku watu wa saveya walipokuja kugawanya shamba la baba kule Mathira? Mimi na wewe tulipika tangu alfajiri: mukimo, kuku wawili, chai ya maziwa matupu. Wakala, wakashiba, wakasifu wapishi, kisha wakaenda kuzika mawe ya mpaka katikati ya kahawa, upande huu wa Muriithi, upande ule wa Gichuki mdogo wake. Mimi kwa ujinga wangu nikauliza yetu iko wapi. Baba hakukasirika. Alishangaa tu, kama mtu aliyeulizwa na kuku. "Nyinyi mko na kwenu huko mtaolewa," akasema. Wewe hukuwa na mpango wa kuolewa na mtu yeyote. Ulikuwa na kibanda chako cha viazi na maharagwe pale soko la Karatina, na ulimi wa kukilinda. Ulikusanya sahani. Tulipofika mferejini kuziosha ndipo uliponiambia, "Nyambura, sisi tutanunua yetu. Na hakuna mtu tutapikia." Baba aliwapa wale wawili hati zao akiwa bado hai, kisha akamfuata mama kaburini, roho yake nyeupe.

Tulitafuta nyumba mwaka mzima, kila Jumapili baada ya kanisa, maana siku nyingine wewe ulikuwa sokoni na mimi darasani. Chaka tulionyeshwa nyumba mpya iliyopakwa rangi ya krimu. Uliweka kidole kwenye ufa wa ukuta, kidole kikazama chote. Broka akasema ni upepo wa Kieni unaofanya hivyo. "Kwani upepo iko na kucha?" ukamuuliza, nami nikageuka nyuma kuficha kicheko. Karatina tulipata yenye vyumba vizuri, ila mifereji yake ilikohoa hewa tu. Na kila tulipokwenda swali lilikuwa moja: "Na mzee atakuja kuiona lini?" Ulikuwa unawajibu, "Mzee ni mimi. Ongea." Mmoja alitudhania wake wenza, akaanza kutuonyesha jinsi tungeweza kugawana jikoni bila ugomvi. Tulicheka kutoka pale hadi kituo cha gari, watu wakitutazama.

Baada ya ile ya Chaka ulitunga sheria yako: nyumba huangaliwa siku ya mvua. Siku ya jua kila nyumba ni nzuri. Ndiyo sababu Kamakwa tulikwenda Aprili, tumevaa gambuti, matope yakituvuta miguu. Nyumba ilikuwa ya mawe ya kuchongwa kwa mkono, mabati yamekuwa mekundu kwa kutu, sakafu ya mbao inalia kila ukikanyaga, na ua wa miiba ya kayaba umekuwa mrefu hadi unaficha madirisha. Katikati ya sebule sufuria ilikuwa inakinga matone. Yule nyanya mwenye nyumba, mjane aliyekuwa anahamia kwa bintiye Nanyuki, hakuiondoa. Alituwekea meza ya chai kando yake. "Inavuja hapa na huko kwa choo," akasema. "Kwingine haivuji." Ulinitazama. Tulipotoka umelowa mwili mzima, ukaniambia, "Huyu cucu hata hajatuficha sufuria. Tununue hii."

Nilikupenda sana siku hiyo. Niliona nimepata dada mwenye macho, nikasema moyoni kwamba mradi uko mbele yangu sitaanguka.

Kisha tukaenda kwa wakili mjini Nyeri. Alituuliza jambo moja ambalo sote wawili hatukuwahi kulifikiria: hati iandikwe ya pamoja, ili mmoja akifa anayebaki abaki na nyumba yote, ama kila mtu awe na nusu yake? Mimi nikasema ya pamoja kabla hajamaliza. Wewe ukasema ngoja. Ukanikumbusha kwamba hatujatoa kopi za vitambulisho, ukanituma chini barabarani nikazitoe. Kulikuwa na foleni. Niliporudi nikakuta mambo yamekwisha: kila mtu nusu yake. "Ni usawa tu," ukaniambia. "Si tumetoa sawa?" Neno usawa lilinifurahisha. Mtu ambaye hajawahi kupewa hata shina moja la kahawa hulipenda neno hilo. Nikaweka sahihi.

Miaka minne tuliyoishi hapa sitaisema vibaya. Tulibadilisha mabati, na mvua ya kwanza ilipopiga ukaburuta kiti hadi pale palipokuwa panavuja, ukakaa hapo na kikombe chako, ukitazama dari kama mtu anayetazama televisheni. Ulinitania kwa Kiswahili changu cha ualimu. "Wewe hata ukiitisha chumvi ni kama unasoma taarifa ya habari." Ulipanda spinachi kando ya ua, na jioni moja ukiwa umeinama hapo ukasema, bila kuinua kichwa, "Mimi nikienda, unizike hapa hapa. Kule usinirudishe." Nikakukemea. Nilidhani bado tuna miaka.

Presha ilikupandia sokoni, ukalala hospitalini siku tatu, ukaenda. Niliwaambia kina Muriithi ulivyosema. Muriithi akatikisa kichwa mbele ya wazee wa kanisa. "Msichana hajaolewa anazikwa kwao," akasema. Kwao! Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilitumia neno hilo juu yako na lile shamba. Mimi nilikuwa mmoja, wao walikuwa ukoo mzima, na nguvu za kugombania maiti sikuwa nazo. Wachimba kaburi walipoanza kuchimba, Muriithi akaja akasimama, akapima kwa hatua, akawaambia, "Sogezeni huko kwa kona kidogo. Hapo mtakula shamba ya Gichuki." Wakasogeza. Nilikuwa nimesimama karibu na masufuria ya chakula cha wageni, na mwiko mkononi, kama siku ile ya saveya. Basi ulipata shamba, dada. Hilo ndilo walilokupa.

Wiki mbili baadaye wakaja hapa. Muriithi alikalia kiti chako. Gichuki alizunguka akigonga kuta kwa kiganja, akisema mawe kama haya siku hizi hayapatikani. Niliwapa chai, ndiyo, unisamehe kwa hilo. Muriithi akaeleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayekusaidia. "Wairimu hakuwa na bwana, hakuwa na mtoto. Wazazi hawako. Hiyo nusu yake inakuja kwa ndugu, sisi watatu, sawa sawa. Sheria haibagui msichana, Nyambura. Na sisi pia hatubagui."

Hawabagui! Nilimtazama usoni kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka. Anaamini kabisa. Sasa anataka Jumatatu twende kwa chifu tukachukue barua ya warithi, nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake. Mimi nyumba hii nimeshainunua mara moja. Uwezo wa kuinunua tena kutoka kwa kaka zangu sina.

Ndipo wiki iliyopita nikarudi kwa wakili wetu. Nilitaka aniambie kwamba kulikuwa na makosa, kwamba labda karani aliandika vibaya. Alifungua faili, akavua miwani, akasita. Nikamwambia dada yangu amekufa, hakuna tena wa kumficha. Akasema ulipohakikisha nimeshuka ngazi ulimwambia hivi: "Huyu bado ni msichana. Ataolewa. Sitaki niamke siku moja nipate bwana ya mtu ananiambia nyumba ni yake."

Kwa hiyo ulinituma kopi ili unifungie mlango. Uliilinda nyumba dhidi ya mwanamume ambaye hakuwepo, ukawaachia wazi wale wawili tuliowakimbia. Kikulacho ki nguoni mwako, ulikuwa ukiniambia kila mara kuhusu watu wa sokoni. Kumbe mimi pia nilikuwa katika hesabu ya hao wa nguoni.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukuwahi kukijua. Unamkumbuka fundi Macharia, aliyetutengenezea sakafu? Yule mpole aliyefiwa na mkewe, uliyesema anapiga msumari kama anaomba ruhusa. Kazi ilipokwisha hakuacha kuja. Aliniletea rafu ya vitabu aliyoitengeneza kwa mbao zilizobaki. Alikuja kufunga komeo ambalo halikuwa limeharibika. Jumamosi moja wewe ukiwa Karatina, akakaa pale kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akaniomba nimuoe na yeye anioe, ndivyo alivyosema, maneno yakamchanganyikia mdomoni. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo hilo. Nikamkatalia. Akataka kujua sababu. Nikamwambia, "Niko na nyumba na dada yangu. Mwanaume akiingia hapo katikati, tutaachana."

Akasema, "Sitaki nyumba yenu. Nina yangu." Nikamwambia hata hivyo, hapana. Alingoja karibu mwaka mzima, kisha akaoa Mwea. Mwezi uliopita nilimwona dukani akinunua misumari, amembeba mtoto wa kike kifuani. Alinisalimia vizuri, akanipa pole kwa ajili yako. Sikukwambia habari zake ulipokuwa hai kwa sababu nilijua ungejilaumu, na sikutaka ujilaumu. Niliona ni jambo dogo la kumfanyia mtu ambaye angenifanyia hivyo hivyo.

Jumatatu sitaweka sahihi. Watanipeleka kortini, na huenda wakanishinda, lakini hawatanitoa humu bila karatasi ya jaji. Muriithi na Gichuki siwashangai wala hawaninyimi usingizi. Ni wewe, Wairimu. Ungeniambia pale kwa wakili, macho kwa macho, kwamba huniamini, ningelia, tungetukanana hadi kituo cha gari, na baada ya siku mbili tungekuwa tumepatana. Na Macharia alipokuja kukaa kwenye ile ngazi, ningemwambia ndiyo.

Pumzika hapo kwenye kona walikokuweka. Nakupenda, na sijakusamehe.

Mdogo wako,
Nyambura