Zabibu Moja kwa Kila Neno

Odense, 27 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na kwamba kondoo wamemaliza kuzaa salama, maana mara ya mwisho ulisema wamebaki wawili na mvua haikatiki. Sisi huku hatujambo. Ile nyama ya kondoo uliyotukaushia imefika. Mkweo Troels ameitundika nje kwenye roshani. Anasema anaiheshimu sana lakini kwa harufu yake hawezi kulala nayo nyumba moja. Anakusalimu.

Utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Mama, simu yako ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu. Kila nikikupigia unaiweka sauti juu, na nyuma yako nawasikia wanawake wote wa kikundi cha kufuma, sindano zinagongana, na Sunnvá anauliza kama mtoto ameongeza maneno. Ninayotaka kukuambia leo siyawezi mbele ya Sunnvá. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, na usiipeleke kikundini.

Kwanza habari unazozipenda, za somo yako. Rannvá ametimiza miaka miwili na miezi tisa. Nepi za mchana ameziacha. Mabuti ya mvua anavaa mwenyewe, la kulia kushoto na la kushoto kulia, na ukithubutu kumsaidia anayavua yote mawili na kuanza upya, huku mimi nachelewa kazini. Ile sweta uliyomfumia inambana mabegani lakini hataki kuivua. Muuguzi wa watoto alikuja nyumbani mwezi wa tatu, akamwambia apange vipande vya mbao, arushe mpira, ataje picha. Akasema mtoto hana kasoro yoyote, maneno yake yamewapita wenzake wa rika lake. Nikamuuliza amehesabu maneno ya lugha gani. Akatabasamu tu, akaendelea kuandika.

Ya Kidenmaki, mama. Kwa Kidenmaki anasimulia mambo ya paka wa jirani mwanzo hadi mwisho, anabishana na baba yake, na siku hizi anaongopa vizuri tu. Kifaroe chetu anakielewa chote. Nikimwambia alete soksi iliyo chini ya kiti, analeta. Nikimwambia shangazi anakuja, anakwenda dirishani. Lakini nikingoja jibu, linakuja kwa Kidenmaki, kila siku, mwaka mzima sasa. Nimechoka, mama. Nimechoka kusema peke yangu. Najua unajiuliza, na zile video je? Nitafika huko, usinikatize.

Mama mkwe wangu Birthe haoni tatizo liko wapi. Jumapili moja, huku akimkatia Rannvá keki, aliniuliza kwani huko kwetu visiwani Faroe si wote tunajua Kidenmaki, sasa namtwisha mtoto mzigo wa nini. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu nilikosa hata wa kumkasirikia. Nikainywa kahawa yangu. Ningemwambia nini? Kwamba siku ya ubatizo ulisimama mlangoni mwa kanisa la Sandur ukaapa kwamba mtoto mwenye jina lako hutamsemesha Kidenmaki maisha yako yote? Nakujua. Ukiapa umeapa. Na mwezi wa saba unatimiza miaka sabini, umekwisha kuwaalika watu, na umewaambia wote kwamba Rannvá atasimama mbele ya meza ya kahawa awasalimu kwa Kifaroe safi. Tangu uniambie hilo sina raha.

Sasa nikueleze ya Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Unaijua desturi ya hapa: mtoto akikaribia miaka mitatu anapelekwa bustanini kwenye mti wa nyonyo, anazifunga tawini kwa utepe zile nyonyo zake za mpira anazonyonya ili atulie, anaziaga, anarudi nyumbani akiwa mkubwa. Rannvá mwenyewe ndiye aliyetaka, baada ya kumwona mwenzake wa chekechea amefanya hivyo. Tulikwenda wote, na Birthe akaja na keki na bendera ndogo za karatasi. Mti umejaa nyonyo za kila rangi mpaka majani huyaoni vizuri. Troels akamwinua, akazifunga zake tatu kwa utepe mwekundu, Birthe akapiga makofi, tukapiga picha. Kila kitu kilikwenda vizuri kwa muda wa dakika nne hivi.

Kisha akazitaka tena. Aliomba kwa Kidenmaki, kwanza kwa upole, halafu kwa machozi. Troels akamweleza kwamba sasa ni za mti. Birthe akamwonyesha keki. Mtoto akajipangusa pua kwa mkono wa ile sweta yako, akausogelea mti. Akaweka mkono kiunoni, akaunyooshea kidole, akaanza.

“Wewe! Lete hapa. Lete sasa hivi. Nimesema mara ngapi? Usinitazame hivyo. Nahesabu mpaka tatu, ole wako.”

Kwa Kifaroe, mama. Sentensi nzima nzima, hakuna aliyemtangulizia hata neno. Na alipomaliza akaivuta ile ‘ndiyo’ yetu inayosemwa kwa kuvuta pumzi ndani, kama unavyoivuta wewe ukishakata shauri. Mwaka mzima nimeisubiri sauti hiyo, na ilipokuja nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Maneno yale ni yangu. Ndivyo ninavyomsemesha kila asubuhi pale mlangoni, mabuti yakiwa yamekosewa na basi limeshapita. Hata kidole ni changu.

Birthe alifurahi mno. Akauliza kama ni shairi la kwetu. Mimi, mwanao uliyemfundisha kusema kweli, nikamjibu kwamba mtoto anaushukuru mti. Akapangusa machozi. Troels aliniangalia, tukatembea mpaka kwenye baiskeli. Hapo akaniambia polepole, bila ugomvi: “Mimi pia, Kifaroe ninachokijua ni hichohicho.”

Nilitaka kumjibu vikali. Nikafungua mdomo, na lililokuja lilikuwa Kifaroe. Nikaufunga.

Nimekaa na jambo hili siku tisa. Nimejisikiliza, mama. Tukimsomea vitabu, ni vya maktaba ya hapa, vya Kidenmaki. Akianguka akaumia, ninapombembeleza najikuta nambembeleza kwa Kidenmaki, kwa sababu ndiyo lugha niliyoitumia kutwa nzima kazini na haijanitoka mdomoni. Kifaroe kinatoka nikiwa nimechoka, nikiwa na haraka, nikiwa na hasira. Na pale ninapokumbuka kwamba ni wajibu, nakifanya kuwa mtihani. Mtoto hana ujinga wowote. Amejifunza lugha yako barabara, kama alivyopewa.

Sasa yale ya kukuungamia. La kwanza ni la maji. Mwezi wa nne aliniomba maji kwa Kidenmaki. Nikajifanya sikuelewa, nikamwambia aseme vizuri. Akaomba tena, na tena, mara tatu, nami nimesimama kando ya bomba na kikombe mkononi. Kisha akaacha kuomba. Nikafikiri anafikiria neno. Nilipomfuata nikamkuta kwenye roshani amekiinua kile chombo cha kumwagilia maua, anakunywa maji ya mvua, na majani makavu yamemganda kidevuni. Hakulia. Alinitazama tu kama mtu anayemtazama mgeni. Hili hata Troels sijamwambia.

La pili ni zile video. Mama, zote ni za kuungaunga. Ile anayosema “Habari za asubuhi, bibi, mimi ni Rannvá, nina kondoo wawili” ni ya sekunde ishirini, na ilinichukua alasiri nzima. Nilikuwa nasema neno moja, anarudia, nampa zabibu kavu moja. Neno, zabibu. Kisha nikakata sauti yangu, nikaunganisha yake. Uliniambia kikundi kizima kilisifu macho yake, jinsi anavyokaza macho kama babu yake. Alikuwa anaitazama pakiti ya zabibu. Nilikudanganya kwa sababu kila nikikwambia ukweli kidogo, ulikuwa unanyamaza kwenye simu, na kunyamaza kwako sijawahi kukuweza tangu utotoni.

Tutakuja tarehe tisa mwezi wa saba kama tulivyopanga. Hatasimama mbele ya meza ya kahawa. Waambie wageni wewe, au niache niwaambie mimi, lakini simfundishi salamu nyingine ya zabibu. Na akikusemesha Kifaroe, jiandae: atakunyooshea kidole, atakuhesabia mpaka tatu. Usimkasirikie yeye. Ukitaka kukasirika, mimi nitakuwepo.

Nina ombi moja. Nilipokuwa naumwa masikio, ulikuwa unanilaza mapajani ukiwa na sufu iliyopashwa moto, na ulikuwa unasema maneno. Mkono naukumbuka, harufu ya sufu naikumbuka, ukelele wa upepo kwenye bati naukumbuka. Maneno yamenitoka yote. Nimeyatafuta siku tisa hizi, sipati hata moja. Niandikie, mama, hata kama yatakuwa ya kipuuzi, hata kama utaona haya kuyaandika. Ninayajua ya kugomba peke yake, na mtu hawezi kumpa mtoto kitu asichokuwa nacho.

Wasalimu Sunnvá na wote kikundini, uwaambie tu kwamba tunakuja. Troels anauliza kama alete kiti cha kukunja cha bustanini kwa ajili ya goti lako. Rannvá yuko hapa chini ya meza, amevaa buti moja. Nimemuuliza kama ana neno la kumwambia bibi yake. Amefikiri, kisha amejibu, kwa Kidenmaki, bila zabibu hata moja, nami naiandika salamu yake kama alivyoitoa: “Mwambie bibi mti umeninyang’anya. Mwambie aje.”

Mimi mwanao,
Durita