Uzi wa Shaba Ndani ya Jeti

Fundi Sudi,

Lori limepanda kilima cha baada ya daraja. Limepanda na shehena nzima ya tumbaku, bila kuvuta choki, bila kupiga chafya hata moja. Nakwambia hilo kwanza ili ujue kwamba nimekiona ulichokificha. Nina hasira nawe, na kwa kuwa huwezi tena kunikatiza kwa kicheko chako, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Kuandika si kazi yangu, unajua. Shule niliiacha darasa la tatu kule Maneromango, nikaenda kukata mkonge, na mkonge ukanitema mpaka huku kwenu kwenye tumbaku. Wewe ndiye uliyenitoa kwenye kupakia mizigo ukanishikisha spana, kwa sababu tu mimi Mzaramo na wewe Mnyamwezi, watani tangu babu zako walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani na babu zangu wakawauzia maji njiani. "Njoo, mtani, nikufundishe kazi, maana kwenu mnajua ngoma tu." Nikakujibu kwamba ninyi wapagazi hata lori mngependa kulibeba kichwani. Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Siku ya kukuzika kwenu Tabora mjini watu walinitazama mimi. Walingoja mtani afanye kazi yake, niruke kaburini, nilale humo, niseme huyu mpagazi hazikwi mpaka nipewe haki yangu, waliokuwa wanalia wapate kucheka kidogo. Sikuweza. Nilisimama kama gogo. Nyumbani msibani mkeo, Mama Zuhura, alinitazama, akangoja, kisha akageuza uso.

Tuliporudi kijijini tukakuta maneno yametutangulia. "Sudi kaungua akiiba petroli." Walisema hivyo kisimani. Walisema hivyo kwenye mabani, wakati wa kupanga tumbaku ikauke. Mama Zuhura akipita wananyamaza, na kule kunyamaza kulimuuma kuliko matusi.

Mimi nilikuwepo! Lori lilizimika kilimani likakataa kuwaka. Ukafungua boneti, ukatoa chujio la hewa, ukamimina petroli kidogo kwa kikopo kwenye mdomo wa kabureta, ukampigia kelele dereva, "Hamisi, piga!" Hamisi akapiga stata. Injini ikapiga chafya, moto ukaruka kutoka kwenye kabureta ukaingia kwenye kikopo, kutoka kwenye kikopo ukaja kifuani na usoni kwako. Huo ni wizi gani? Nani anaiba petroli kwa kuirudisha kwenye injini? Nilimwambia Hamisi aseme alichokiona. Akaniambia, "Kondo, ndugu yangu, nikisema watauliza na mimi nilikuwa nauza wapi." Sikumsalimia tena mpaka mwezi ulipoandama.

Na hospitali nilikuuliza. Ulikuwa umefungwa bendeji, jicho moja tu linaonekana. Nikasema, Fundi, lile lori lina nini? Ukasema, "Uzee tu, Mzaramo. Uzee tu."

Uzee tu!

Baada ya mazishi Mwenyekiti wa kijiji aliniita. "Sasa fundi ni wewe. Mwenzako katuharibia lori, tumbaku imejaa mabanini, ikipata unyevu ni jasho la kijiji kizima. Litengeneze." Nikaapa moyoni kwamba nitauona ugonjwa wa lori lile, niuweke mbele ya watu, jina lako litoke matopeni.

Nikafanya ulivyonifundisha. Ulisema injini ni kama mtu: ikishiba kupita kiasi hutoa moshi mweusi, ikiwa na njaa hupiga chafya na kukosa nguvu. Nikaliwasha, nikavuta choki nusu ili hewa ipungue. Likatulia, likanguruma vizuri. Nikairudisha choki, likaanza tena kukohoa. Basi ni njaa, hewa nyingi, petroli kidogo. Nikafungua plagi, maana plagi ni ulimi wa injini, ndivyo ulivyokuwa unasema. Zote nyeupe kama zimepakwa majivu. Plagi ya injini iliyoshiba sawasawa ina rangi ya chai ya maziwa.

Njaa inatoka wapi? Nikaosha chujio la petroli. Nikafungua pampu, ikarusha petroli kwa nguvu. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya manifodi, lile bomba linalopeleka hewa kwenye injini, injini ikinguruma, nione kama povu linanyonywa ndani mahali hewa inapopenya. Halikunyonywa popote. Hamisi alikaa kwenye kivuli cha lori ananitazama. "Umelipaka sabuni, sasa lisuguliwe mgongo?" Nikamtukana.

Ikabaki kabureta. Nilipofungua skrubu yake nikakuta meno yake yamepakwa sabuni ya mche, ile unayopaka wewe petroli isivuje. Hakuna mwingine hapa mwenye mtindo huo. Nikatoa jeti, ile yenye kitundu cha kupitishia petroli, nikaipuliza, pumzi ikapita kwa shida. Nikaielekeza kwenye jua. Katikati ya kitundu kuna kivuli chembamba. Nikavuta kwa ncha ya pini. Uzi mmoja wa shaba, umetolewa kwenye waya wa umeme, ncha zake zimekunjwa kwa uangalifu pande zote mbili usianguke.

Kwa uangalifu, Fundi. Ulilinyima lori chakula kwa uangalifu.

Nilikaa chini pale pale kwenye mafuta. Kisha nikakumbuka ule mkutano wa kijiji kabla ya mavuno, Mwenyekiti aliposimama akasema lori letu linakunywa kama harusi, tena kuna mtu wa mjini anayekunywa nalo. Hakukutaja, lakini watu wote waligeuka kukutazama. Lori lilikuwa chakavu tangu kwa yule mzungu wa tumbaku aliyeliacha, barabara ni mchanga, mizigo inazidi. Lazima linywe! Ungesimama ungesema hivyo. Hukusimama. Ulikwenda kuweka uzi. Petroli ikapungua, na wao badala ya kukuomba radhi wakasema, "Mmeona? Tulipomkemea ameacha."

Hapo ndipo walipokufunga. Ukiutoa uzi, petroli itapanda, watasema umerudia. Ukiuacha, lori linakohoa. Ukauacha. Ukainamisha uso wako juu ya kabureta ukijua kabisa kwa nini linatema moto. Ulilijua lile lori kuliko ulivyomjua mkeo!

Mwizi hukuwa. Mjinga ulikuwa.

Nimeyasema hayo mbele ya watu. Siku ya arobaini yako, hitma ilifanyika nyumbani kwako hapa kijijini, na Mwenyekiti alikuja, akakaa mbele, akala pilau vizuri. Watu walipomaliza kunawa nikasimama. Nikasema mimi ni mtani wa marehemu, sikufanya kazi yangu kaburini, nitaifanya leo. Watu wakafurahi. Mwenyekiti mwenyewe akasema, "Haya, Mzaramo, mseme mpagazi mwenzetu!"

Nikakusema. Nikasema huyu Sudi alikuwa fundi wa uongo, ana lori lenye njaa akalifunga mdomo. Wakacheka. Nikautoa ule uzi mfukoni nikauinua, nikaeleza mahali nilipoutoa. Nikasema alikuwa mwoga, aliogopa midomo ya watu kuliko moto. Wakacheka, ila si wote. Kisha nikasema, "Na ninyi wapagazi mliobaki, mliona petroli imepungua mkasema mwizi kaacha wizi. Hakuacha wizi, aliacha akili, na ninyi ndio mliomtoa akili. Mwenyekiti, wewe ni Mnyamwezi, nawe ni mtani wangu. Pilau ya mtu uliyemwita mwizi ina ladha gani?"

Bibi mmoja wa pembeni akasema, "Mwambie, baba." Mwenyekiti akajichekesha. "Huo ni utani tu." Nikasema ndiyo, Mwenyekiti, ni utani, ndiyo maana huwezi kunikasirikia.

Hakuomba radhi. Alisema jambo hilo litazungumzwa, akatafuta viatu vyake. Lakini Hamisi alisimama kwa miguu yake mwenyewe akasema, "Mimi nilikuwa kwenye usukani. Alikuwa anamimina, hakuwa anaiba." Na Mama Zuhura, Fundi, alicheka. Alifunika uso kwa kanga akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, wanawake wakamshika. Sasa kisimani wanamsalimia kwa jina.

Usidhani yamekwisha. Lori linapanda, na petroli nayo imepanda. Jana Mwenyekiti alisimama karibu na tangi, akaligonga kwa kidole, akaniuliza, "Kondo, mbona tumerudi kule kule?" Jicho lilikuwa lile lile alilokutazama wewe. Nikamwambia linakunywa linachohitaji, na asiyeamini apande nyuma juu ya tumbaku twende naye Urambo turudi, apime mwenyewe. Hakupanda. Aliondoka akinung'unika, na waliokuwa karibu wakanitazama kwa namna ninayoijua.

Kwaheri, Fundi. Mungu akurehemu yeye, maana mimi bado sijakusamehe. Labda siku nitakayorudi kwetu Maneromango nitaweza. Nakuahidi hili: mikono yangu haitaweka uzi kwenye jeti ya gari lolote, kwa maneno ya mkutano wala kwa jicho la mtu. Wakiniita mwizi na waniite. Nitakuwa mwizi mwenye uso wake mzima.

Mtani wako,
Kondo